Maswali Yenu ya Raga: Jezi ya Kwanza na Shingo ya Propu

*Nilizaliwa Busia, Kenya, lakini mama ni mzaliwa wa Tororo, Uganda. Nina miaka 21, nacheza winga. Nimeitwa kambi ya Kenya ya raga ya wachezaji saba. Nikiicheza mara moja tu, Uganda bado inaweza kunichukua kwa raga ya wachezaji 15? – Msomaji, Busia*

Ndugu yetu, kambi haikufungi, mechi ndiyo inayokufunga. Kanuni ya 8 ya World Rugby, shirikisho la raga duniani, inakuruhusu kuichezea nchi uliyozaliwa, nchi aliyozaliwa mzazi, babu au bibi yako, au nchi uliyosajiliwa kucheza huko pekee kwa miezi 60 mfululizo. Kwa hiyo leo milango miwili iko wazi: Kenya kwa kuzaliwa, Uganda kwa upande wa mama. Ila ukiwa umetimiza miaka 20 na ukaichezea timu ya taifa ya wakubwa ya wachezaji saba, mlango wa pili unafungwa, hata kwa raga ya 15. Vijana wengi huteleza hapa kwa kudhani michezo hii miwili ina madaftari mawili. Daftari ni moja.

Tangu Januari 2022 kuna njia ya kuhama, lakini ni nyembamba. Unahama mara moja tu maishani, baada ya kukaa miezi 36 bila kuichezea nchi ya kwanza, na ni lazima wewe, mzazi, babu au bibi awe amezaliwa katika nchi unayohamia. Kuishi huko peke yake hakutoshi. Kwako wewe hiyo ni miaka mitatu ya kasi yako bora, na winga bila kasi hana kazi.

Kabla ya kuamua, tafuta cheti cha mama cha kuzaliwa sasa hivi, wala usingoje kuulizwa. Shida tunayoiona mara nyingi ni majina kutolingana: cheti kinasema hivi, kitambulisho chake kinasema vingine, na cheti chako wewe kina jina la tatu. Kurekebisha majina huchukua muda, na orodha ya kikosi haimngoji mtu. Kama ndoto yako ni Olimpiki, huko lazima pia uwe raia wa nchi unayoichezea.

*Mwanangu ana miaka 19 na kilo 112. Shuleni alikuwa namba nane, akikimbia na mpira na kufunga trai. Kocha wa klabu sasa anataka awe propu. Si anampotezea kipaji? Na shingo yake je? – Mama, Kakamega*

Mama, huyo kocha msikilize. Propu ni mmoja wa wawili (jezi namba 1 na 3) wanaosukuma pembeni mwa mstari wa mbele wa skramu, pale wachezaji wanane wa kila timu wanaposhikana na kusukumana; namba nane husukuma nyuma kabisa. Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare, alifika Durban akicheza namba nane, akageuzwa propu. Aliichezea Afrika Kusini kwa mara ya kwanza mwaka 2008, akafikisha mechi 117, na ya mwisho ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia ya 2019 kule Yokohama, waliyoishinda Uingereza 32-12. Alikuwa na miaka 34.

Piga hesabu pia. Katika kikosi cha 23 lazima wawepo angalau sita wa mstari wa mbele, na kwa kawaida wanne kati yao ni mapropu. Namba nane anayeanza ni mmoja tu.

Kuhusu shingo, hofu yako ina msingi. Katika raga ya chini ya miaka 19 skramu hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya mita 1.5. Kwa wakubwa kikomo hicho hakipo, kwa hiyo mwanao anaingia kwenye uzito ambao mwili wake haujawahi kuubeba. Asicheze mstari wa mbele kwenye mechi kabla ya kufundishwa skramu kwa hatua: kwanza mtu kwa mtu, kisha mashine, kisha watatu kwa watatu, ndipo wanane.

Shingo aifanyie kazi siku tatu kwa wiki. Aweke kiganja kwenye paji la uso, asukume kwa kichwa huku mkono ukizuia, kichwa kisisogee hata kidogo, sekunde 10. Kisha kisogoni, kushoto, kulia. Mizunguko mitatu, akianza kwa nusu ya nguvu zake. Lile zoezi la kizamani la kujikunja daraja ukiegemea utosi aliache kabisa, maana linaibana shingo ikiwa imepinda.

Ndani ya skramu, tazama mkono wake. Propu namba 1 hupitisha mkono wa kushoto ndani ya mkono wa kulia wa mpinzani wake, namba 3. Namba 3 hupitisha wa kulia kwa nje. Wote hushika jezi mgongoni au ubavuni. Kifua, mkono, sleevu na kola ni marufuku. Kiwiko kikianza kuelekea chini, bega hukifuata, na skramu nzima huporomoka juu ya shingo. Kiwiko kikae juu, mgongo uwe bapa, kidevu kisigande kifuani, na mabega yasishuke chini ya nyonga. Kama anashuka kila mara, mara nyingi kosa ni la miguu: ameirudisha nyuma mno, akajilaza.

*Niligongwa kichwa Jumamosi, nikaona maruweruwe dakika chache, sasa niko sawa. Jumamosi ijayo nicheze? – Mchezaji wa kike, Nakuru*

Hapana, dada. Hata kama hukuzimia, huo tuuchukulie kuwa mtikisiko wa ubongo hadi daktari aseme vingine. Kwa mchezaji wa klabu asiye na madaktari wa kiwango cha juu, mechi haiji kabla ya siku 21. Siku mbili za kwanza pumzika, kisha tembea, kimbia taratibu, fanya mazoezi ya mpira bila kugusana. Kila hatua ichukue angalau saa 24, na dalili zikirudi, rudi hatua moja nyuma. Mazoezi ya kugusana yangoje hadi umalize siku 14 bila dalili yoyote, na daktari akuruhusu. Ukitapika, kichwa kikazidi kuuma, ukasinzia kupita kawaida au mkono ukalegea, nenda hospitali usiku huohuo, na usiende peke yako.