Nyumba ya Ukoo Mji Mkongwe: Isome Kabla Hujaikarabati

Wanaorithi nyumba ya ukoo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar huanza kwa kutafuta fundi. Kwa niliyoyaona katika nyumba yetu, iliyojengwa karne ya 19, nashauri muanze kwa kuijua nyumba yenyewe, kwani historia yake kubwa imehifadhiwa katika kuta, dari na mlango, na ukarabati wa pupa huifuta kwa siku moja.

Pimeni vyumba. Dari za zamani hubebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida haziwezi kuvuka upana unaozidi mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Mkikuta chumba kipana zaidi, huenda ukuta ulivunjwa baadaye. Kisha tazameni mlango. Kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa Kiarabu, na wa upinde una asili ya Kihindi. Baadhi ya vizingiti vimechongwa mwaka wa Hijria: 1300, kwa mfano, ulianza Novemba 1882. Hata hivyo msiutegemee mwaka huo peke yake, kwani milango mingi ya nakshi ilihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba.

Jambo linaloniumiza zaidi ni saruji. Ukuta wetu wa uani ulikuwa umepigwa lipu ya saruji na mafundi wa zamani ili kuzuia unyevu, nasi tulipoibandua tulikuta chumvi nyeupe imejaa nyuma yake na chokaa ya asili imekuwa unga mkononi. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa. Ukizibwa kwa saruji, unyevu hupanda hadi kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, zikaoza bila mtu kuona. Mwambieni fundi azichome ncha hizo kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, kabla ya kukubaliana bei, na lipu mpya iwe ya chokaa.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hivyo ombeni kwanza kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kikishatoka, anzeni na paa na mifereji yake, kwa sababu chokaa mpya chini ya paa linalovuja haistahimili masika.