Je, sokwe naye ana mkono anaoupendelea?

SWALI: Nimesoma kwamba binadamu peke yake ndiye mwenye mkono anaoupendelea, kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo wake hutawala lugha pamoja na mkono wa kulia. Je, pande mbili za ubongo wa sokwe zinalingana?

JIBU: Hazilingani, na sokwe naye ana mkono wake. Watafiti humpa bomba fupi lililopakwa siagi ya karanga kwa ndani. Hulishika kwa mkono mmoja na kuichokoa siagi kwa kidole cha mkono wa pili, na huo unaochokoa ndio unaohesabiwa. Miongoni mwa sokwe wanaofugwa, wanaochokoa kwa mkono wa kulia huwazidi wa kushoto. Lakini huko Gombe, Tanzania, sokwe wa porini wanapotumbukiza vijiti kichuguuni ili kuvua mchwa, wengi hutumia mkono wa kushoto. Kwa hiyo kinachomtenga binadamu, kwa maoni yangu, ni ule mwafaka wa watu takriban 9 kati ya kila 10 kutumia mkono wa kulia, popote duniani na karibu katika kila kazi.

Kuhusu ubongo, utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulipima eneo ambalo kwa binadamu huhusishwa na kuelewa maneno, ukakuta kwamba ni kubwa zaidi upande wa kushoto kwa sokwe 17 kati ya 18. Sokwe hasemi, basi tofauti hiyo yaelekea ilikuwapo kabla ya lugha, pengine tangu kwa babu yetu wa pamoja. Tena, watu wengi wa mashoto nao lugha yao hutawaliwa na upande uleule wa kushoto, jambo linaloonyesha kwamba mkono na lugha havikufungwa pamoja kama wengi wanavyodhani.

Ushahidi wa kale unaonivutia zaidi uko kwenye meno. Taya moja la binadamu wa kale kutoka Oldupai, Tanzania, la miaka milioni 1.8 hivi iliyopita, lina mikwaruzo iliyoinamia upande mmoja: inaelekea mwenyewe aling'ata kitu, akakivuta kwa mkono wa kushoto na kukikata kwa jiwe alilolishika kwa mkono wa kulia, na jiwe likawa linateleza na kugusa meno. Taya moja, hata hivyo, haliwezi kusemea jamii nzima. Ni kwa Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, ambao meno yao yamepatikana kwa wingi, ndipo tunapoona waliotumia mkono wa kulia wakiwa wengi karibu kama tulivyo sisi.