Abiria yumo ndani ya basi, mbona Kiingereza husema “on”?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja mjini Tanga, na mara nyingi huwaandikia wageni na madereva kwa Kiingereza. Juzi niliandika kwamba mizigo ipo “in the car” na wageni wapo “in the bus”. Mwenzangu akasema wageni wawe “on the bus”. Ikiwa vyote vimo ndani, tofauti inatoka wapi? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako ametaja matumizi yaliyozoeleka zaidi, ingawa sentensi yako haikuwa kosa. Basi, treni, meli na ndege, ambavyo huchukua abiria wengi kwa safari moja, hupewa “on”, ilhali gari dogo, teksi na mtumbwi, ambamo mtu huingia na kuketi papo hapo, hupewa “in”. Wapo walimu wanaofundisha kwamba kipimo ni kama abiria anaweza kusimama na kutembea ndani ya chombo. Kipimo hicho husaidia, lakini hakitoshi: katika daladala ndogo mtu mrefu hulazimika kuinama, na bado husemwa “on a daladala”, kwa kuwa ni usafiri wa umma. Bodaboda nayo ni “on” kwa sababu iliyo wazi, kwamba abiria hukaa juu yake.

Unapotaka kuzungumzia hali ya ndani yenyewe, “in” inafaa kabisa, kama katika “It is very hot in the bus”. Jihadhari zaidi na “at”, ambayo hulifanya basi kuwa kituo tu cha kukutania. Dereva akisoma “The guests are at the bus”, ataelewa kuwa wageni huenda wamesimama nje mlangoni. Akisoma “on the bus”, atajua wamekwisha kupanda.

Usijaribu pia kuoanisha viambishi vyetu vya mahali na maneno haya moja kwa moja. Mu- hukaribiana na “in”, lakini pa- haina mwenzake mmoja: kitabu kilichopo mezani ni “on the table”, kwa kuwa kimeigusa meza kwa juu, na mgeni aliyepo mezani akila ni “at the table”. Vivyo hivyo “juu ya meza”: taa iliyowekwa hapo ni “on”, na inayoning’inia kutoka darini ni “above” au “over”.