Sinawali na hatua za duara: simama kwanza, mkuu

Acha hilo pambano la mwezi ujao. Umeandika kwamba wewe na binamu yako mmeishika sinawali, yale mazoezi ya Kifilipino ya kugonganisha fimbo mbilimbili kwa mpangilio, mnaipiga kwa kasi huku mnazungukana, na sasa mnataka kuvaa helmeti mpigane kweli. Halafu unauliza habari za fimbo na cheti! Mkuu, huo mzunguko ndio utakaokuumiza.

Mimi nilifundishwa hivyohivyo nikiwa Dubai, na jamaa aliyejiita mwalimu. Alichora duara sakafuni, tukawa tunatembea ukingoni, fimbo zinagongana ta-ta-ta, watu wanarekodi. Kirumbizi cha harusini kabisa, ila kanzu tu ndizo zilizokosekana. Ukimuuliza kwa nini tunazunguka, anakujibu kwamba Lapulapu, chifu wa Kifilipino, alimshinda Magellan, yule baharia Mreno, pale kisiwani Mactan mwaka 1521. Haya, Lapulapu anahusikaje na miguu yangu? Ada lakini hakuisahau hata mwezi mmoja.

Baadaye nikakutana na fundi viyoyozi wa Kifilipino, mtu wa Cebu, aliyekulia kwenye Balintawak, mtindo wa huko kwao wa kupigana kwa fimbo moja. Nikaanza kumzunguka kwa mbwembwe. Yeye hata hakuhangaika. Alikaa katikati, anageuza kisigino tu. Mimi napiga hatua tatu nne, yeye anageuka kidogo, bado tunatazamana uso kwa uso. Nilipopishanisha miguu tu, akaingia na kunichapa kwenye vidole. Kimoja kilivunjika. Mpaka leo nikishika kikombe kinabaki kimenyooka, wakwe wanadhani naringa.

Aliyeko katikati ya duara hana safari, wewe wa ukingoni ndiye unayechoka. Hatua zenyewe zinatoka kwenye pembetatu: pigo likija, mguu unatoka kwenye mstari wake kwa kwenda mbele na pembeni, nyuzi 45 hivi, kisha wa nyuma unafuata na kiwiliwili kinamgeukia. Ukiunganisha hatua fupi za namna hiyo, mtazamaji ndiye anayeona duara. Na toka upande wa nje wa mkono wake wenye fimbo. Ukiingia upande wa ndani, mkono wa pili unakungoja, na kwenye espada y daga, yaani upanga mkono mmoja na kisu mkono mwingine, mkono huo una kisu.

Kwa hiyo, hatua isiyokufikisha kwenye mkono wake usiipige. Kwenye sinawali pia ni hivyo. Nina hakika nyinyi mnalengana fimbo, mmesimama mbali kiasi kwamba hata mwenzako asipokinga humgusi. Jaribuni polepole, kwa fimbo zilizofungwa sponji: binamu aache kukinga pigo moja bila kukuambia lipi. Likipita hewani, basi muda wote huo mmekuwa mkifundishana kukosa. Lenga mkono ulioshika silaha. Ingekuwa panga, mkono huo ndio ungekatwa kwanza, na hakuna mwenye panga anayekaa kugonganisha makali ta-ta-ta.

Wanaouza hizi video wanayajua haya yote. Mzunguko mpana unapendeza kwenye kamera, hatua fupi ya pembeni haipati hata mtazamaji mmoja. Basi wanakuuzia mzunguko.

Fimbo chukua henzerani, sentimita 70 hivi inatosha. Leo jioni weka simu sakafuni, rekodi miguu tu, mikono isionekane kabisa, kisha iweke hapa kwenye uzi tuiangalie.