Bedford ya zamani: pedali inazama mlimani, oili ya breki inapotea, tairi moja linachemka

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Lori lako ni Bedford J6, unashusha mbao na viazi kutoka Lushoto hadi Mombo. Asubuhi pedali iko vizuri, ukishapita Soni inaanza kuzama. Tairi la nyuma kulia halishikiki kwa moto. Oili ya breki inapungua na chini huoni hata tone. Rabakapu (mipira ya kuzibia oili) za masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali, umeshabadilisha mara mbili, na kuna wanaokushauri ubadilishe tena. Hao wanakumalizia hela tu. Malori haya nimeyaendesha na kuyatengeneza kwa miaka, na kwa dalili hizo naona magonjwa mawili tofauti, masta huenda haimo kabisa.

Ya masta tuimalize haraka. Fungua paipu inayotoka kwenye masta, ziba tundu lake kwa bolti ya nyuzi zilezile (Bedford ni nyuzi za inchi, usilazimishe bolti ya Mjapani), toa upepo, halafu kanyaga na ushikilie. Pedali ikisimama palepale kama umekanyaga jiwe, masta ni nzima, achana nayo. Ikishuka polepole chini ya mguu, basi ukuta wa silinda una vishimo vya kutu na kila rabakapu utakayoweka italiwa. Hapo dawa ni kuipeleka kwa fundi wa mashine ya kuchonga aivalishe sliv (bomba jipya la ndani), au kutafuta masta nyingine.

Sasa oili inayopotea. Umesema haidrovaki, kifaa kinachoongezea mguu wako nguvu kwa vakyumu (mvuto wa hewa), iko chini ya chasisi. Ndani yake kuna upande wa oili na upande wa vakyumu, katikati kuna sili. Sili hiyo ikichoka, oili haimwagiki nje, inavutwa na vakyumu. Injini ya petroli inaichoma, na wewe unaona moshi mweupe unaotokea na kupotea. Ya dizeli yenye pampu ya vakyumu, oili hiyo inaishia kuchanganyika na oili ya injini, ambalo ni balaa jingine. Kipimo chake ni rahisi: zima injini, chomoa hozi nene ya vakyumu pale haidrovaki, ingiza kidole. Panatakiwa pawe pakavu. Ukitoa kidole kimelowa kitu chepesi chenye utelezi, kioshe kwa maji matupu bila sabuni. Oili ya breki inayeyuka na kuondoka, oili ya injini inabaki inateleza. Ujanja huohuo unafaa ukikuta dramu imelowa: kama haiondoki kwa maji na inanuka salfa, hiyo ni oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) inayopita kwenye oili sili ya habu, wili silinda (silinda ndogo inayosukuma breki shuu ndani ya dramu) haihusiki.

Tairi la kulia ndilo linalonitisha zaidi. Weka magogo tairi za mbele, gia huru, handbreki chini, inua ekseli ya nyuma uiweke juu ya stendi. Jeki peke yake usiiamini. Zungusha kila upande kwa mkono. Kama pande zote mbili zinakwama, mshukiwa ni hozi ya mpira inayotoka kwenye chasisi kwenda kwenye ekseli, kwa sababu huwa ni moja na inalisha pande zote mbili. Hozi iliyozeeka huvimba ndani, mguu unapitisha oili kwa nguvu lakini kurudi hairudi. Lakini wewe unasema ni kulia tu, kwa hiyo kabla hujanunua hozi, fungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo) ya upande huo. Oili ikiruka na tairi likaachia, presha imenaswa njiani. Pitisha mkono kwenye paipu ya chuma juu ya difu, mara nyingi utakuta imebonyezwa na jeki ya mtu. Oili isiporuka na tairi likabaki limeshika, ugonjwa uko ndani ya dramu: pistoni ya wili silinda imeganda kwa kutu, springi ya kurudisha breki shuu imelegea kwa moto, au kebo ya handbreki haiachii.

Na ndiyo hiyo inayokuzamishia pedali. Breki inayojikokota mteremko mzima inapasha wili silinda moto mpaka oili inachemka, na mvuke unabonyea, haupeleki nguvu kokote. Oili ya breki ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa ihimili angalau nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka, ila inavuta maji kutoka hewani, na ikishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Ukipoa Mombo, mvuke unarudi kuwa oili, fundi anapima anaona breki safi, anaisingizia masta. Siku hizi zote usishuke na lori hilo likiwa na mzigo. Malori mengi ya umri huo yana njia moja tu ya oili, ikifeli sehemu moja umekosa zote.

Kuna kitu umekitaja juujuu: fundi aliwahi kuongezea oili ya pawa stelingi. Chota kidogo kutoka kwenye kopo la masta, mimina kwenye chupa ya maji, tikisa, iache itulie. Ikielea juu kama mafuta ya kupikia, mpira wote wa mfumo umeshavimba, na rabakapu zilizovimba nazo zinashikisha breki. Hapo hakuna njia ya mkato: unabadilisha rabakapu zote, hozi zote, za haidrovaki pia, na paipu unazisafisha kwa spiriti. Dizeli na petroli zisiguse mpira wa breki hata kwa kuoshea.

Ukishafunga, rekebisha kwanza breki shuu zikaribie dramu, ndipo utoe upepo. Wengi wanafanya kinyume halafu wanashangaa pedali iko chini. Anza na nipeli ya haidrovaki, injini ikiwa imezimwa, kisha tairi la mbali zaidi, uje mpaka la karibu. Pedali ikiwa chini lakini mkanyago wa pili unaipandisha na kuwa ngumu, shuu bado ziko mbali. Ikipanda huku inabonyea, upepo bado umo.

Anza na hozi ya vakyumu na chupa ya maji, vyote havina gharama. Ukishaona majibu yaandike hapa, na useme injini ni ya petroli au dizeli maana hukuitaja.