Manseba yuko mlangoni

Jumapili mbili zilizopita nilivaa koti la harusi kumpokea dereva wa pikipiki. Naanza na hilo kwa sababu wanangu wameshalieneza Katuba nzima, mtaa wetu hapa Lubumbashi.

Mke wangu ni mtu wa Mbuji-Mayi. Kwa Waluba wa Kasai, manseba ni kaka wa mama, mjomba ambaye neno lake halipingwi. Manseba wa wanangu, basi, ni shemeji yangu, na shemeji ananidai mbuzi mmoja wa mahari tangu 1996. Kwa hiyo binti yangu alipopaza sauti chumbani, "Papa, manseba eko pa mulango, umwambie angoje kidogo," moyo uliniruka.

Koti. Kiti cha mgeni. Mdogo mtu nikamtuma mbio akalete bia ya Simba, baridi. Nikatoka nimeinamisha kichwa, nikaanza moja kwa moja kuomba radhi ya mbuzi.

Kijana akavua kofia yake ngumu. "Muzee, mbuzi hapana. Miye nabeba batu tu."

Kumbe hapa Lubumbashi manseba ndiye huyo anayebeba abiria kwa pikipiki, yule ambaye Kinshasa wanamwita wewa. Mji mzima unajua. Mimi pikipiki sipandi, mgongo haukubali, na neno likanipita hivyohivyo. Bia niliinywa peke yangu.

Walicheka, sawa. Ila iliniuma. Ujanani Kamalondo sisi ndio tuliokuwa na maneno. Tulipiga kindubile, lugha ya vijana wa wakati ule, mbele ya baba, mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya Gécamines aliyerudi na vumbi la zamu, naye akisimama katikati yetu akitabasamu bila kuelewa kitu. Tabasamu lile nimelikumbuka wiki hii nzima.

Sasa wewe wa rika langu, nisikilize. Uliza. Usijifanye unajua, uliza. Mimi niliwahi kujifanya: nilikariri maneno matatu ya vijana nikayatoa kwenye sherehe ya mpwa wangu. Meza nzima ilinyamaza, mmoja akanipa pole. Neno la kijana likipita kwenye kinywa cha mtu wa miaka 57 linafika limekufa. Lisikie, lielewe, liache kwa wenyewe. Na tafuta mtu asiyecheka. Wangu ni kijana anayeuza unite za simu pale kona, namuuliza huku nikinunua. Kuuliza si aibu. Nimeshasema, uliza.

Tena usiyatupe ya kwako. Binti yuleyule, mzaliwa wa 2004, kila Jumatatu ananijia: "Papa, makuta iko?" Nikamuuliza makuta ni nini. "Makuta ni makuta, Papa." Nikamkalisha. Nikamweleza kwamba pesa ya zaire ilikuja 1967, zaire moja makuta mia, na moja yake ni likuta, na kwamba faranga iliporudi 1998 pesa ile ikazikwa, jina likabaki mdomoni mwake yeye ambaye likuta hajawahi kulishika. Aliweka simu chini. Dakika nne nzima! Wenye watoto mnajua uzito wa dakika nne. Kisha akaniuliza kama ninazo au sina.

Habari ya koti imeshafika Mbuji-Mayi. Shemeji alipiga simu jana usiku, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatulia.

"Sasa, shemeji, na yule mbuzi?"