Soma alama za lebo kabla hujalowesha nguo

Pembetatu iliyochapwa kwenye lebo ya nguo haina matamshi. Mjerumani, Mjapani na muuza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, huiona ileile, kila mmoja akaisoma kwa lugha yake: hapa pana habari ya jiki. Maumbo makuu ni matano, na aghalabu hufuatana hivi: beseni (kufua), pembetatu (kung'arisha), mraba (kukausha), pasi, na duara (usafishaji wa dobi mtaalamu). Anza kusoma na umbo, ndipo uangalie kilicho ndani yake, kisha mistari iliyo chini. Alama ya X juu ya umbo lolote ni katazo.

Nambari iliyo ndani ya beseni ni kikomo cha joto kwa nyuzi za Selsiasi. Si lazima uifikie, ila usiivuke. Lebo za Kimarekani mara nyingi huweka nukta badala ya nambari: moja ni 30, mbili 40, tatu 50, nne 60. Asiye na mashine apime kwa kikombe. Tuseme maji yako ya bomba yana nyuzi 25: kikombe 1 cha maji yanayochemka kwa 4 vya bomba hutoa 40. Ukitaka 60, changanya 7 kwa 8. Kwa 30 ni 1 kwa 14, yaani ni kama maji baridi tu. Changanya kwanza, nguo iingie baadaye; kumwagia maji ya moto nguo iliyokwisha kuwa ndani ya beseni huunguza sehemu moja.

Kosa kubwa liko kwenye mistari ya chini ya beseni. Wengi hudhani mstari maana yake ni maji baridi. Sivyo. Mstari unapunguza msukosuko: mmoja, fua kwa upole, miwili, upole zaidi. Beseni lenye 30 na mistari miwili hukutana nalo sana kwenye sufu, na sababu ipo. Unywele wa sufu una magamba. Joto na kufikicha huyafanya yakamatane, sweta linarudi likamtosha mtoto, na hakuna namna ya kulifungua tena. Hata mkono uliochorwa ndani ya beseni (kikomo nyuzi 40) haukupi ruhusa ya kufikicha. Bonyeza, achia, suuza, kisha kamua kwa kuviringisha ndani ya taulo.

Pembetatu tupu inaruhusu dawa yoyote ya kung'arisha. Yenye mistari miwili ya mshazari ndani inakubali ile ya oksijeni peke yake. Jiki ni klorini, iweke mbali. Klorini hugeuza sufu na hariri kuwa njano na kuzila, na huua mpira wa spandeksi ulio kwenye jinzi za kuvutika.

Mraba ndio unaopuuzwa, ingawa jua letu ndilo linaloharibu rangi. Mstari wa wima ndani yake: tundika kambani. Miwili ya wima: tundika bila kukamua. Wa mlalo: tandaza, maana ukiitundika maji yataivuta nguo irefuke. Mshazari kwenye kona: anika kivulini. Duara ndani ya mraba ni mashine ya kukaushia.

Nukta za pasi ni takriban nyuzi 110, 150 na 200: moja kwa akriliki na nailoni, mbili kwa poliesta na sufu, tatu kwa pamba na kitani. Pasi ya mkaa haina nukta, kwa hiyo weka kitambaa cha pamba chenye unyevu katikati, ujaribu kwanza upande wa ndani wa pindo. Poliesta iliyopigwa pasi ya moto kupita kiasi hung'aa, na mng'ao huo hautoki.

Herufi P, F na W ndani ya duara ni za dobi: mbili za mwanzo humwambia atumie dawa gani, W usafishaji wa maji wa kitaalamu. Wewe mpelekee nguo ikiwa na lebo yake.

Nguo za Japani zilizotengenezwa kabla ya Desemba 2016 zina alama nyingine: chupa ya maabara badala ya pembetatu, fulana badala ya mraba, na ndani ya pasi 高 (juu), 中 (kati) au 低 (chini).

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uuchome ukiushika kwa kibanio. Uzi ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu au hariri. Ukinuka karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba au jamii yake. Ukiyeyuka ukaacha shanga ngumu, ni plastiki kama poliesta au nailoni. Pasi ianzie nukta moja.